UZI: Mashindano ya glaida yawe na madaraja mangapi? Naona saba ni mengi, manne yanatosha

#1 – Mwanaanga wa Bara

Wanajukwaa,

Katika mijadala mingi kuhusu madaraja ya mashindano ya glaida nimeona kwamba mchangiaji huanza na ndege anayoimiliki au anayoitamani, kisha akatafuta sheria ya kuitetea. Naomba katika uzi huu tuanze na swali lililo nyuma ya sheria zote: daraja linawekwa ili kupima nini? Nikishaeleza ninavyolijibu swali hilo nitatoa pendekezo langu, nanyi mlipasue mtakavyo.

Kwa wasioujua mchezo huu, glaida ni ndege inayoruka bila kutegemea injini. Huvutwa hewani na ndege nyingine au kwa winchi, ikaachwa, na tangu hapo rubani huishi kwa hewa inayopanda, iwe ni hewa iliyopashwa moto na ardhi, upepo unaogonga mlima ukaelekea juu, au mawimbi ya hewa yanayojitokeza nyuma ya safu ya milima. Katika mashindano, waandaaji hupanga kila siku njia yenye vituo vya kugeukia, mara nyingi ya kilomita mia kadhaa, na anayeimaliza kwa kasi kubwa kuliko wenzake hupata hadi pointi 1,000. Anayeishiwa na hewa njiani hutua katika shamba la mtu na kupewa pointi za umbali tu. Mshindi ni yule mwenye jumla kubwa baada ya siku zote.

Tatizo ni kwamba ndege hazilingani. Ka 6, glaida ya mbao iliyobuniwa na Rudolf Kaiser miaka ya 1950, husafiri takriban kilomita 30 kwa kila kilomita moja ya kimo inachopoteza. Eta, yenye mabawa ya mita 30.9 kutoka ncha hadi ncha, husafiri takriban kilomita 70 kwa kimo hicho hicho. Ukiwaweka marubani wawili katika ndege hizo na kuwaanzisha pamoja, jioni utakuwa umepima mabawa, hujapima watu. Kwa hiyo lazima uwepo ua, na daraja ndilo ua lenyewe.

Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, kupitia tume yake ya glaida, linatambua madaraja saba katika ubingwa wa dunia. Lipo Daraja la Wazi, lisilo na kikomo cha urefu wa mabawa. La mita 20 kwa ndege za watu wawili. La mita 18. La mita 15. Daraja la Kawaida, ambalo nalo ni la mita 15 lakini bila flapu, yaani sehemu za nyuma za bawa zinazoinamishwa au kuinuliwa. Daraja la Klabu, la ndege za zamani zinazosawazishwa kwa kigezo cha fidia, yaani namba inayopunguza faida ya ndege bora wakati wa kuhesabu pointi. Na la mita 13.5. Hapo sijahesabu ubingwa wa wanawake na wa vijana, ambao hugawanya watu kwanza, kisha ndege.

Historia inaonyesha tulivyofika hapa. Mashindano ya kimataifa ya Wasserkuppe, Ujerumani, mwaka 1937, hayakuwa na mgawanyo wa aina hii; kila mtu alikuja na alichonacho. Mwaka 1939 huko Sezze, Italia, glaida kadhaa zilijaribiwa ili ipatikane moja itakayotumiwa na washindani wote katika Olimpiki ya 1940, ikachaguliwa Meise ya Ujerumani, yenye mabawa ya mita 15. Vita vikaifuta Olimpiki hiyo, lakini mita 15 zikabaki vichwani mwa watu kama kipimo cha ndege ya bei inayobebeka.

Mwaka 1958, huko Leszno, Poland, Daraja la Kawaida likaingizwa rasmi katika ubingwa wa dunia. Masharti yalikuwa machache na ya makusudi: mabawa yasizidi mita 15, flapu zisiwepo, gurudumu lisikunjwe, na breki za hewa ziwe na nguvu ya kutosha kumwezesha rubani kutua salama katika shamba dogo. Ua huo haukuwadumaza wabunifu. Mwaka 1965, huko South Cerney, Uingereza, Mpoland Jan Wróblewski alitwaa ubingwa wa Daraja la Wazi akiwa ndani ya Foka 4, ndege iliyokidhi masharti ya Daraja la Kawaida, na aliwaacha nyuma watu waliokuwa na mabawa marefu zaidi.

Kisha ua ukaanza kutobolewa. Magurudumu ya kukunja yakaruhusiwa, maji ya kuongeza uzito yakaruhusiwa, na hatimaye flapu zikaingia kwa mlango wa nyuma. Flapu ni sehemu ya ukingo wa nyuma wa bawa inayoinamishwa au kuinuliwa ili umbo la bawa lifae mwendo wa polepole au wa kasi, na hapo mwanzo ziliingizwa kwa hoja kwamba zitumike kama breki. Mwaka 1976, huko Räyskälä, Finland, Ingo Renner wa Australia alishinda Daraja la Kawaida akiwa na PIK-20 ya Kifini, ndege yenye flapu. Waliokuwa na ndege zisizo na flapu walilalamika, nao walikuwa na haki. Suluhisho likawa kukata daraja vipande viwili: flapu zikapigwa marufuku kabisa katika Daraja la Kawaida, na Daraja la mita 15 likazaliwa kwa wale wanaozitaka. Huko Châteauroux mwaka 1978 daraja hilo jipya lilishindaniwa kwa mara ya kwanza, na Helmut Reichmann akalishinda kwa SB-11, ndege iliyojengwa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Braunschweig, ambayo iliweza kupanua eneo la bawa lake ikiwa angani.

Daraja la mita 18 lilifuata huko Mafikeng, Afrika Kusini, mwaka 2001. Lenyewe lilitokana na injini. Wamiliki wengi walitaka ndege yenye injini ndogo ya kujirusha au ya kuwarudisha nyumbani hewa inapowatupa, injini ikaleta uzito, na uzito ukadai mabawa marefu zaidi.

Sasa angalia glaida za miaka ya karibuni. ASG 29, Ventus 3 na JS3 zote huja na ncha za mabawa za kubadilisha: ukifunga fupi una ndege ya mita 15, ukifunga ndefu una ndege ya mita 18. Kwa maneno mengine, tunawavika taji mabingwa wawili wa dunia walioketi katika ndege moja yenye ncha tofauti. Daraja lililozaliwa kutokana na ugomvi wa miaka ya 1970 limeshapoteza ugomvi wenyewe.

Pendekezo langu: yabaki madaraja manne, yaani la Kawaida, la mita 18, la Wazi na la Klabu. La mita 15 lenye flapu lifungwe katika ngazi ya dunia. La mita 20 na la mita 13.5 yaendelee katika mashindano ya mabara na ya kitaifa, hadi yatakapothibitisha kwamba yana washindani wa kutosha kila mara.

Karibuni.

#2 – Kipanga wa Mashariki

Mkuu, heshima yako. Uchambuzi ni mzuri, lakini umeua daraja lililo hai na kulihifadhi lililokufa.

Daraja la Kawaida linashindaniwa kwa LS8, Discus 2 na ASW 28. Zote tatu ni miundo ya miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Viwanda havijaona sababu ya kuwekeza tena katika bawa lisilo na flapu, kwa sababu mnunuzi mwenye fedha anataka flapu, anataka injini, na anataka mita 18. Daraja ambalo hakuna mtu anayelijengea ndege mpya litazeeka pamoja na ndege zake, na siku moja tutajikuta tunaandaa ubingwa wa dunia wa makumbusho. Kama lazima tuchague moja kati ya mawili ya mita 15, tuchague lile lenye mustakabali.

Jambo la pili: mita 15 zenye flapu si nakala ya mita 18. Ndege hizo hubeba mzigo tofauti kwa kila mita ya mraba ya bawa, na rubani huzirusha kwa maamuzi tofauti. Anayeshinda kwa ncha fupi si lazima ashinde kwa ncha ndefu.

#3 – Mwanaanga wa Bara

Ndugu Kipanga, nashukuru kwa kugusa penyewe, kwa sababu hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana kuhusu kazi ya daraja.

Unasema viwanda havijengi tena ndege mpya za Daraja la Kawaida, nawe unalihesabu hilo kuwa ugonjwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo afya. LS8 ya miaka mingi iliyopita, ikitunzwa vizuri na kung'arishwa bawa, bado inaweza kusimama mstari wa mbele leo. Rubani kijana anaweza kuinunua ikiwa imeshatumika, akashindana nayo kwa miaka kadhaa, akaiuza bila kupoteza sehemu kubwa ya fedha zake. Katika Daraja la mita 18, kila baada ya miaka michache hutoka ndege mpya inayoipita ya jana kidogo tu, lakini kidogo hicho kinatosha kumfanya mtu aliyeshika nafasi ya tano ajiulize kama ni yeye aliyeshindwa au ni ndege yake. Ubingwa unaomwachia mshindwa swali hilo haujapima vizuri.

Isitoshe, ndege tatu ulizozitaja zinakaribiana mno kwa uwezo. Zimetoka katika viwanda tofauti, na bado tofauti zake humezwa na chaguo moja baya la wingu. Hilo halikupangwa na kamati yoyote. Limetokea kwa sababu masharti yalibaki yale yale kwa muda mrefu kiasi kwamba wabunifu wote wakafika karibu na mwisho wa kinachowezekana.

Hata hivyo hoja yako ya pili ina uzito, nami ningependa wenye ujuzi wa uhandisi waiendeleze.

#4 – Mwana wa Mweiga

Habari za jioni, wakubwa zangu. Nimesoma kwa makini, na nina swali la mtu wa klabu ndogo.

Mweiga, karibu na Nyeri, ni mahali ambapo glaida zimeruka kwa miaka mingi chini ya Aberdare, na yeyote aliyewahi kufika pale atakubali kwamba tatizo la Afrika Mashariki halijawahi kuwa hewa. Hewa ipo tele. Tatizo ni ndege: unakuta klabu ina ya watu wawili ya mafunzo, moja ya mtu mmoja ya zamani, na nyingine ya mwanachama binafsi isiyofanana na hizo mbili. Kwa klabu ya namna hiyo madaraja manne na madaraja saba ni sawasawa, kwa sababu hata daraja moja haiwezi kulijaza.

Kwa nini tusiwe na daraja moja tu kwa wote, kila ndege ikapewa kigezo chake cha fidia, kama wachezaji wa gofu wanavyofanya? Daraja la Klabu limekuwa na ubingwa wake wa dunia tangu mwaka 2001 huko Gawler, Australia, na sijasikia mtu akisema mabingwa wake ni wa bandia.

#5 – Mwanaanga wa Bara

Ndugu yangu wa Mweiga, kwa mashindano ya klabu na ya nchi ndogo nakubaliana nawe kabisa; hapo kigezo cha fidia ndiyo njia pekee yenye akili. Ninachopinga ni kukifanya msingi wa michezo yote, na sababu ni ya hesabu.

Chukua ndege mbili, ya kwanza ikiwa na kigezo cha 100 na ya pili 110. Maana yake ni kwamba, katika hali ya hewa ya wastani, ya pili inatarajiwa kuwa na kasi iliyozidi kwa asilimia 10, hivyo kasi yake hupunguzwa kwa kiasi hicho wakati wa kuhesabu pointi. Sasa weka upepo wa mbele wa kilomita 30 kwa saa. Ikiwa ya kwanza inapita hewani kwa wastani wa kilomita 100 kwa saa na ya pili kwa 110, kasi zake juu ya ardhi ni 70 na 80. Pengo limekuwa zaidi ya asilimia 14, lakini fidia imebaki 10. Mwenye ndege dhaifu amepoteza pointi bila kukosea lolote, na ukiugeuza upepo uwe wa nyuma, mwenzake ndiye atakayedhulumiwa.

Siku za hewa dhaifu ni mbaya zaidi. Yenye uwezo mkubwa huvuka pengo lililo kati ya wingu na wingu, na iliyo dhaifu hutua shambani kabla ya kulifikia wingu la pili. Hakuna kigawanyo kitakachoirudisha hewani.

Waingereza wamejaribu njia ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote katika daraja la fidia, nayo ni kusawazisha umbali badala ya kusawazisha pointi. Wote wanapewa vituo vile vile vya kugeukia, lakini kila kituo kimezungukwa na duara ambalo ukubwa wake hutegemea ndege. Iliyo dhaifu ina duara kubwa, kwa hiyo hugeuka mapema na kuruka njia fupi zaidi. Iliyo bora hulazimika kuingia karibu kabisa na kituo. Inavyotarajiwa, rubani wa ustadi ule ule atatumia muda ule ule hewani katika ndege yoyote kati ya hizo, na wa kwanza kurudi nyumbani ndiye wa kwanza kweli. Upepo bado huleta matatizo yake, lakini angalau wote wanakuwa njiani katika saa zile zile za mchana. Daraja la Klabu la dunia lingeendeshwa hivyo moja kwa moja, ningelitetea kwa nguvu kuliko ninavyolitetea sasa.

#6 – Binti Upepo

Salaam kwenu nyote. Nashangaa hakuna aliyetaja jaribio kubwa kuliko yote la kumaliza mabishano haya, yaani kuwapa washindani wote ndege ya aina moja.

Tume ya glaida ya FAI iliitisha shindano la ubunifu mwishoni mwa miaka ya 1980, ikitafuta ndege ya bei nafuu, rahisi kurusha na rahisi kujenga, itakayotumiwa katika daraja lililoitwa Daraja la Dunia. Ilishinda PW-5 kutoka Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Warsaw, yenye mabawa ya mita 13.44. Ubingwa wake wa kwanza wa dunia ulifanyika İnönü, Uturuki, mwaka 1997. Kwa nadharia, hiyo ndiyo haki iliyokamilika.

Kwa vitendo, daraja lilidhoofika hadi likafungwa. Ndege hiyo husafiri takriban kilomita 32 kwa kilomita moja ya kimo, na mnunuzi mwenye kiasi kile kile cha fedha angeweza kupata glaida iliyotumika ya mita 15, ya nyuzi za kioo, inayoipita kwa mbali. Klabu nazo zikauliza ni kwa nini zinunue ndege mpya isiyoweza kuwapeleka wanachama wao mbali siku za kawaida. Nafasi yake ikachukuliwa na Daraja la mita 13.5, lililoanza mwaka 2015 huko Pociūnai, Lithuania, ambalo halilazimishi muundo mmoja.

Lakini tusilidharau. Sebastian Kawa wa Poland, ambaye wengi wanamhesabu kuwa bingwa mkubwa kuliko wote katika mchezo huu, alitwaa ubingwa wa Daraja la Dunia mwaka 2003, na mwaka uliofuata akatwaa wa Daraja la Klabu. Baadaye akashinda katika madaraja mengine pia. Ndege ndogo ilimpima sawasawa. Kilichokosekana ni watu waliotaka kuinunua. Ndiyo maana sikubaliani na Mwanaanga anapotaka kuliondoa Daraja la mita 13.5 katika ngazi ya dunia wakati huu. Ndege ndogo na nyepesi ndizo zinazofaa zaidi mota ya umeme na betri, na mota ya umeme inaweza kumwondolea rubani gharama ya ndege ya kuvuta, gharama ambayo katika nchi zetu huua klabu kabla ya kitu kingine chochote. Tukifunga mlango huo leo, tutaufungua tena baada ya miaka kumi kwa aibu.

#7 – Mhandisi wa Pwani

Nimeitwa na post namba 3, ngoja nichangie kuhusu uzito, kwa maana naona mjadala mzima umeshikilia urefu wa mabawa kana kwamba ndio unaoamua kila kitu.

Kinachoamua kasi ya glaida kati ya wingu na wingu ni kilo ngapi zinabebwa na kila mita ya mraba ya bawa. Glaida nzito husafiri umbali ule ule kwa kimo kile kile, lakini kwa kasi kubwa zaidi, na gharama yake ni kupanda polepole inapozunguka ndani ya hewa inayopanda. Ndiyo sababu marubani hujaza maji katika mabawa asubuhi na kuyamwaga hewa inapodhoofika. Ndege wa porini hawamwagi maji, lakini sheria ni ile ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu wa Uingereza Colin Pennycuick aliruka Serengeti kwa glaida yenye injini akiwafuata tumbusi na korongo angani ili apime namna wanavyopanda na kusafiri, na kazi yake bado inatajwa na watu wanaozungumzia nadharia ya kuruka masafa marefu bila injini. Tumbusi mzito huteleza kwa kasi zaidi, na hudai hewa iliyo bora.

Sasa tazama Daraja la Wazi, linaloitwa la wazi lakini lina kikomo cha kilo 850. Eta yenye bawa la mita za mraba 18.6, ikijazwa hadi kikomo hicho, hubeba kama kilo 46 kwa kila mita ya mraba. JS1 ya Afrika Kusini yenye mabawa ya mita 21 na uzito wa kilo 720 hubeba takriban kilo 59. Siku ya hewa kali, hiyo ndogo huikimbia kubwa katika kila mtelezo, na kubwa hulipiza kisasi siku za hewa dhaifu tu. Kwa hiyo wabunifu wamegeuka: badala ya kurefusha mabawa bila mwisho wamerudi kwenye mita 21 na 23. Kikomo cha kilo, kilichowekwa pembeni kama sharti dogo, ndicho kilichochora umbo la ndege za daraja hilo.

Hali ni hiyo hiyo katika madaraja mengine. LS8 katika Daraja la Kawaida, kwa kilo 525 na mita za mraba 10.5, hubeba kilo 50. ASG 29 ya mita 18, kwa kilo 600 na mita za mraba 10.5, hubeba 57. Wabunifu wa karibuni wamezidi kupunguza eneo la bawa la mita 15 ili waufikie mzigo mkubwa ndani ya kilo 525. Hapo Kipanga ana haki: mita 15 na mita 18 si kitu kimoja angani hata kama fuselaji, yaani kiwiliwili cha ndege, ni moja.

Pendekezo langu ni kwamba, idadi ya madaraja yoyote itakayochaguliwa, mshushe uzito unaoruhusiwa. Maji yakipunguzwa, kasi ya kutua shambani kwa dharura hupungua, viungo vya mabawa huhitaji nguvu ndogo zaidi, na ndege ya zamani haipitwi sana na mpya. Ukishusha kikomo cha Daraja la mita 18 hutaharibu ndege ya mtu yeyote. Atajaza maji kidogo tu.

#8 – Kipanga wa Mashariki

Mhandisi, asante kwa hesabu zilizonisaidia. Nina swali moja ambalo wapunguzaji wa madaraja wamelikwepa: usalama.

Ukiunganisha madaraja, idadi ya ndege katika kila daraja huongezeka, na ndege za daraja moja hupewa njia moja. Marubani husubiri kwa pamoja nyuma ya mstari wa kuanzia, hakuna anayetaka kutangulia kwa sababu anayetangulia huwaonyesha wenzake hewa iliko, kisha wote huondoka kwa mkumbo na kuzunguka ndani ya hewa ile ile, ndege arobaini zikiwa zimepangana kwa kimo. FLARM, kifaa cha kumtahadharisha rubani asigongane na ndege nyingine, huonya, lakini katika kundi la namna hiyo hulia mfululizo hadi rubani aache kuisikiliza. Madaraja mengi yenye njia tofauti huwatawanya watu. Hiyo nayo ni kazi ya daraja, hata kama haimo katika jibu lenu la kupima rubani.

#9 – Mwanaanga wa Bara

Nianze na hoja hii ya mwisho, kwa kuwa ndiyo nzito kuliko zote. Ni kweli kwamba madaraja hutawanya watu, lakini tiba ya msongamano ni kuweka kikomo cha washiriki na kubadili namna ya kuanza. Mashindano ya Grand Prix ya FAI, yaliyoanza mwaka 2005 huko Saint-Auban, Ufaransa, huwaanzisha wote kwa pamoja, na wa kwanza kuvuka mstari wa mwisho ndiye mshindi wa siku. Kule kungojeana nyuma ya mstari hakuna maana, na idadi ya ndege hupangwa kuwa ndogo tangu mwanzo. Kwa mashindano ya kawaida, muda wa kuanza unaweza kugawiwa kwa vipindi ili mtu asifaidike kwa kukaa hadi saa nane akisubiri wengine waondoke. Kuunda daraja jipya ili kutawanya ndege ni kutumia taji la dunia kama askari wa barabarani.

Kuhusu uzito, naichukua nyongeza ya Mhandisi kama ilivyo na kuiingiza katika pendekezo. Ningeanzia kwenye Daraja la mita 18, kwa sababu ndipo mashindano ya viwanda yalipo makali, na ndipo kila kilo inayoongezwa humlazimisha mwenye ndege ya jana atafute ya leo. Katika ubingwa wa dunia ndege tayari hupimwa kwenye mizani kabla ya kupangwa kwenye mstari, kwa hiyo hakuna chombo kipya kinachohitajika, ni namba tu inayobadilika.

Kuhusu Daraja la mita 13.5, hoja ya Binti Upepo juu ya umeme ni ya nguvu, nami nalirudisha kwa sharti moja: lijengwe juu ya mota ya umeme waziwazi, kwa kikomo cha nishati ambacho kila rubani anaruhusiwa kutumia, badala ya kubaki daraja la ndege ndogo zisizo na mahali pengine pa kwenda. Hapo litakuwa na jambo la pekee la kupima, yaani namna rubani anavyoitumia akiba yake ndogo ya umeme katika siku ngumu.

Linabaki la mita 15 lenye flapu. Nimewasikia Kipanga na Mhandisi kwamba huruka tofauti na mita 18. Hilo nalikubali, na bado nasema lifungwe. Tofauti ya namna ya kuruka haitoshi kuzaa taji. Hata ndege mbili za Daraja la Wazi huruka tofauti. Swali ni kama kuna kundi la marubani ambalo bila daraja hilo halina pa kushindana kwa haki. Wenye JS3 na Ventus 3 wana ncha ndefu. Wenye ASW 27, LS6 na ASW 20, ambao ncha zao ni za mita 15, wanaweza kuingia Daraja la Klabu lililopanuliwa, bila maji na kwa mfumo wa maduara nilioueleza. Kundi lililobaki nje kabisa silioni.

#10 – Kipanga wa Mashariki

Mwenye ASW 27 alinunua ndege ya mashindano ya dunia, Mkuu, naye sasa unampeleka katika daraja la fidia na kumnyima maji. Kama hatua hiyo itachukuliwa, itangazwe mapema ya kutosha. Glaida huishi miaka thelathini na zaidi, na watu huchukua mikopo ya nyumba kwa ajili yake.

#11 – Mwanaanga wa Bara

Hapo sina ubishi. Wajumbe wa nchi hupiga kura juu ya sheria hizi katika mkutano mkuu wa tume kila mwaka, na mabadiliko ya ukubwa huu yangepaswa kupita mara mbili, katika mikutano miwili tofauti, kabla ya kuanza kutumika baada ya angalau mizunguko miwili ya ubingwa wa dunia. Mwenye ASW 27 angekuwa na misimu kadhaa ya kushindana katika daraja lake, na soko la ndege zilizotumika lingekuwa limeshajua la kufanya na bei yake.

Kwa wanaotaka kuendelea, naomba tuhamie kwenye swali ambalo bado halijaguswa: je, ndege za watu wawili za mita 20 zihesabiwe ubingwa wa watu wawili au wa rubani mmoja mwenye abiria? Tangu daraja hilo lilipopata ubingwa wake wa dunia huko Räyskälä mwaka 2014, wawili hao hutajwa pamoja katika matokeo, na sioni kwamba kanuni za kugawana kazi ndani ya ndege zimefikiriwa kwa kina kama za mabawa yake.